MOYO UKISEMA VAA, VAA. UKINYAMAZA, VAA PIA

Wakulima wa Malakisi, kama wakulima wa mahali po pote, wana mazoea ya kusikiliza mioyo yao. Mtu huyatazama mawingu juu ya Mlima Elgon asubuhi, na moyo humwambia, "Leo usianike mahindi." Humwona ng'ombe mmoja amesimama peke yake mbali na wenzake, na kabla hajajua ni ugonjwa gani, moyo umekwisha kumshtua. Mara nyingi moyo huo husema kweli. Jambo hili si uchawi wala si ndoto. Ni ujuzi wa miaka mingi uliokaa ndani ya mtu, nao huamka kabla ya maneno.

Basi mwezi huu twataka kuuliza swali moja. Je, moyo huo huo waweza kuaminiwa katika jambo la mavazi ya kujikinga? Tunasema juu ya ovaroli na glavu za kunyunyizia dawa, helmeti ya pikipiki, na mkanda wa gari. Watu wengi huyaamua mambo haya kwa moyo tu. Wakihisi hatari huvaa; wasipohisi hawavai.

Jibu letu ni fupi, nalo lina sehemu mbili. Moyo ukikuonya, utii mara moja. Lakini moyo ukikutuliza, usiusadiki. Ili kueleza sababu, tumfuate mkulima mmoja kwa muda wa juma moja. Tutamwita Bwana Fulani, kwa maana yeye si mtu mmoja. Ni mimi na wewe.

JUMATATU: SHAMBANI

Bwana Fulani ana shamba la nyanya karibu na mto Malakisi. Jumatatu asubuhi aliona wadudu wameanza kula majani, akatoa bomba lake la kunyunyizia na chupa ya dawa. Alipofungua kifuniko, harufu kali ilimpiga usoni. Papo hapo moyo wake ukamwambia, "Jifunike." Ovaroli yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya stoo, na glavu zilikuwa mfukoni mwake. Stoo yenyewe ilikuwa mbali kidogo. Akasema, "Ah, ni mistari michache tu." Akachanganya dawa kwa mikono mitupu, akajitwika bomba mgongoni, akaingia shambani na shati la mikono mifupi na miguu mitupu.

Baada ya dakika chache hakuisikia harufu tena. Moyo nao ukatulia. Bwana Fulani akafikiri kwamba hatari imekwisha, kumbe ni pua tu iliyochoka. Pua ya mtu ina desturi hiyo: harufu isiyobadilika, pua huacha kuitangaza. Mtu aingiaye zizini husikia harufu ya samadi, lakini akikaa humo kidogo haisikii, ingawa samadi haikuondoka. Tena ziko sumu nyingine ambazo hazina harufu hata kidogo.

Kabla ya saa sita kichwa kilikuwa kinamuuma, jasho linamtoka, na tumbo limeanza kumsokota. Mkewe alipomwona alishtuka.

"Baba watoto, mbona uko hivyo? Umepiga dawa bila kujifunika tena?"

"Ni jua tu, Mama. Nipe maziwa nioshe tumbo."

Alikunywa maziwa, akalala mchana kutwa, na kesho yake akaamka dhaifu. Safari hii alipona. Lakini tuangalie makosa yake, maana ndiyo makosa ya wengi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sumu huingia kwa mdomo tu. Mtu anyunyiziaye dawa huipokea zaidi kwa ngozi yake: mikononi wakati wa kuchanganya, mgongoni bomba likivuja, na miguuni anapopita kati ya majani yenye maji. Ngozi yenye joto na jasho huipitisha dawa kwa urahisi zaidi. Wakati wa hatari kubwa kabisa ni ule wa kuchanganya, kwa kuwa dawa ambayo haijatiwa maji ndiyo kali kupita zote. Aina kadhaa za dawa za wadudu huua kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa ya fahamu ya mtu hufanya kazi kwa namna ile ile.

Kosa la pili ni yale maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi sumu iliyoingia kwa ngozi. Mtu aliyepatwa na dawa sharti avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe hospitalini upesi pamoja na chupa au karatasi ya dawa ile, ili daktari ajue ni sumu gani. Bwana Fulani alilala tu nyumbani. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa maana ugonjwa wa namna hii waweza kuzidi baada ya saa kadhaa.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko hayo. Moyo wake ulisema kweli mara moja, wakati chupa ilipofunguliwa, naye akaudharau. Kisha ulinyamaza kwa sababu isiyo ya kweli, naye akausadiki. Aligeuza mambo juu chini.

Wakulima wa tumbaku wanahitaji onyo hili pia, nayo Malakisi imejulikana kwa miaka mingi kwa zao hilo. Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na likilowa kwa umande au mvua, nikotini ile hupita kwenye ngozi ya mchumaji. Mtu hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na maumivu ya kichwa. Wengine husema ni njaa ya asubuhi, au ni malaria. Hakuna chupa wala harufu ya kumshtua mtu hapa. Ni jani tu, ambalo amelishika tangu utoto wake, na kwa hiyo moyo haumwambii neno. Dawa yake ni kungoja umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glavu, na kubadili nguo zikilowa. Watoto wasipelekwe kuchuma kabisa, kwani miili yao ni midogo na sumu kidogo huwatosha.

ALHAMISI: KWENYE PIKIPIKI

Siku ya Alhamisi Bwana Fulani alikuwa na safari ya kutoka Malakisi kwenda upande wa Lwakhakha, kule mpakani mwa Uganda. Alikwenda kwenye stendi ya boda boda. Sisi watu wa mpakani hatuna haki ya kusema kwamba hatuijui kazi hii, maana jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwachukua watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda, boda," yaani mpaka hadi mpaka. Baadaye baiskeli zilipisha pikipiki, na mwendo ukawa wa namna nyingine kabisa.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Bwana Fulani alitazama gurudumu la nyuma, akaona limekuwa laini kama sahani. Helmeti mbili zilikuwa zimening'inia kwenye usukani. Moyo wake ulimkamata. Lakini vijana wengi walikuwa pale stendi, naye akaona haya kuonekana mzee mwoga.

"Panda twende, Mzee," kijana alisema.

"Kijana wangu, nipe hiyo helmeti."

"Aa, Mzee, ni hapo tu karibu."

"Hata hapo tu pana mawe. Nipe, na yako uvae."

Vijana wakacheka. Bwana Fulani akafunga kamba chini ya kidevu, na kijana naye akavaa yake kwa heshima ya mzee. Basi wakaenda polepole, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi. Mbele kidogo ndama mmoja alikatiza njia akivuta kamba yake. Kijana akafunga breki, gurudumu likateleza kwenye udongo uliolowa, wote wawili wakaanguka. Kijana alichubuka mkono. Bwana Fulani aligonga kichwa kwenye jiwe kando ya mtaro. Helmeti ilipasuka, kichwa kilibaki kizima.

Labda msomaji atasema kwamba kilomita 30 kwa saa ni mwendo mdogo. Tufanye hesabu. Mtu anayegonga kitu kigumu kwa mwendo huo hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka juu ya kitu chenye urefu wa mita tatu na nusu, yaani kama kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka mita kumi karibu, kama juu ya mti mkubwa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni kama mita 25. Hakuna mtu mwenye akili atakayekubali kurushwa kutoka juu ya mti wa mita kumi kwa kuwa "ni hapo tu karibu." Moyo huogopa urefu, kwa maana macho huuona. Mwendo hauogopi vivyo hivyo, kwa maana mtu ameketi ametulia na upepo mzuri unampiga usoni.

Helmeti hufanyaje kazi? Gamba la nje ni gumu, nalo hulitawanya pigo lisikae mahali pamoja. Ndani yake mna kitu kama sponji ngumu, ambayo hubonyea na kumeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye ubongo. Ikibonyea mara moja, kazi yake imekwisha. Kwa sababu hiyo helmeti iliyokwisha pata pigo kubwa haifai kutumiwa tena, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Helmeti isiyofungwa kamba nayo haifai, kwani huruka kichwani kabla ya mtu kufika chini. Na kofia nyepesi ya fundi wa ujenzi haikutengenezwa kwa kazi hii.

Mwaka 2008 wataalamu walichapisha hesabu iliyokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali. Waliona kwamba helmeti huwapunguzia wapanda pikipiki wapatao ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

DAKTARI ALIYEHESABU

Habari ya helmeti ina historia yake, nayo yafaa kusimuliwa, kwa kuwa yaonyesha jinsi moyo na hesabu vinavyoweza kusaidiana.

Mwezi wa Mei mwaka 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari aliyepata sifa kubwa katika vita vya Uarabuni, alikuwa akiendesha pikipiki yake katika njia ya mashambani. Alikuta vijana wawili wa baiskeli mbele yake, akakwepa ili asiwagonge, akaanguka. Hakuwa amevaa helmeti. Alilala siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa kupasua ubongo.

Kifo kile kilimgusa Cairns. Lakini hakuishia kwenye huzuni. Alianza kuwachunguza wapanda pikipiki walioumia kichwa, hasa askari wachukuao barua wakati wa vita, na mwaka 1941 aliandika katika gazeti la madaktari wa Uingereza jinsi helmeti inavyookoa watu. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake wa pikipiki wavae helmeti kazini. Raia wa nchi ile walikuja kulazimishwa na sheria mwaka 1973.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili. Moyo wa daktari ulishtuka kwanza, hesabu ilifuata. Mwaka 1973 watu wa huko hawakuwa na haja tena ya kungoja mioyo yao ishtuke, kila mmoja kwa ajali yake mwenyewe. Sheria ya namna hii ni mshtuko wa moyo wa watu wengi waliotangulia, uliohesabiwa na kuandikwa ili wewe usipate hasara waliyopata wao.

UJASIRI NA PIKIPIKI

Liko jambo moja ambalo huwafanya vijana wetu waidharau helmeti, nalo si umaskini. Ni sifa ya ujasiri. Katika nchi ya Wabukusu kijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Husimama mbele ya watu bila kutikisika, na huo ndio mwanzo wa heshima yake. Mtu aliyesimama hivyo huona vigumu kuambiwa na stendi nzima kwamba aogopa kuanguka.

Twaiheshimu desturi hiyo. Lakini tuulize: ujasiri ule ulikuwa mbele ya nani? Ulikuwa mbele ya wazee, jamaa na rika, ambao wote waliuona na kuusifu. Barabara haina macho. Jiwe lililo kando ya mtaro halijui kama kichwa kinachokuja ni cha shujaa au cha mwoga. Ujasiri wa kweli pale stendi ni ule wa kusema mbele ya vijana wanaocheka, "Nipe helmeti." Bwana Fulani alikuwa na ujasiri huo siku ya Alhamisi, na ndiyo maana aliishi kuiona Jumamosi.

JUMAMOSI: KATIKA MATATU

Siku ya Jumamosi Bwana Fulani alimpeleka mjukuu wake Kitale. Walishuka Bungoma alasiri, wakapanda matatu nyingine ya kupitia Webuye. Dereva alikuwa mtu anayemfahamu tangu siku nyingi. Barabara ilikuwa ya lami, kiti kilikuwa laini, na jua la jioni lilikuwa zuri. Safari hii moyo wa Bwana Fulani haukusema neno lo lote. Mkanda ulikuwa umeangukia chini ya kiti, una vumbi.

"Kuka," alisema yule mtoto, kama wajukuu wa huku wamwitavyo babu, "funga mkanda. Mwalimu alisema kila mtu afunge."

"Mjukuu wangu, dereva huyu namjua. Haendi mbio."

"Lakini mwalimu alisema, Kuka."

Basi akauokota, akaupangusa, akamfunga mtoto, akajifunga na yeye, kwa kumridhisha mtoto tu. Giza likaingia. Walipofika sehemu ya mashamba ya miwa, mbele yao palikuwa na trekta lililovuta matrela mawili ya miwa, bila taa nyuma. Dereva hakuliona mpaka alipolikaribia. Alifunga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama hatua chache tu kabla ya miwa. Bwana Fulani na mjukuu wake walivutwa na mikanda, wakabaki vitini. Mtu aliyeketi nyuma yao hakuwa amefunga. Alirushwa mbele, akagonga chuma cha kiti kwa uso, akapoteza meno mawili.

Hilo ndilo fundisho kubwa la juma zima. Jumatatu moyo ulisema, haukutiiwa. Alhamisi moyo ulisema, ukatiiwa. Jumamosi moyo ulinyamaza kabisa, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa kupita zote. Kama Bwana Fulani angaliungojea, angaliumia, pengine na mtoto pia.

KWA NINI MOYO HUNYAMAZA

Moyo hufundishwa na mazoea. Mtu akisafiri kwenda na kurudi kila siku kwa miaka 20, amefanya safari zaidi ya 14,000. Kama zote zilikuwa salama, kila moja imeuambia moyo, "Hakuna hatari hapa." Lakini safari 14,000 zilizopita haziishiki breki ya safari ya leo. Trekta lisilo na taa halijui hesabu ya safari zako.

Tena moyo huogopa vitu vya kale. Mtu akiona kamba kwenye majani huruka, akidhani ni nyoka, kabla hata hajafikiri. Babu zetu waliishi na nyoka maelfu ya miaka, na woga ule umetusaidia. Motokaa ina umri wa zaidi kidogo ya miaka mia moja tu. Moyo haujajifunza kuruka unapoona mkanda umelala chini ya kiti.

Na mwisho, moyo humtazama mtu badala ya kitu. Husema, "Dereva huyu namjua." Ni kweli, dereva ni mwema. Lakini barabarani yumo pia dereva wa trekta, na ndama, na mlevi, na gurudumu bovu la gari la mtu mwingine, nao wote huwajui.

SHERIA NA MIKANDA

Mkanda wa sasa, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Sweden. Kampuni ile iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie mfano wake. Mwaka 1970 jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha watu wafunge mikanda. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa ya abiria wa gari hata kwa nusu.

Hapa Kenya wengi wanaukumbuka mwezi wa Februari mwaka 2004. Wakati huo Bwana John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi, na kanuni zake zilizitaka matatu zote ziwe na mkanda katika kila kiti na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuwa tayari, na watu wengi walikwenda kwa miguu. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini mikanda ikawekwa. Sheria ya Trafiki nayo yamtaka mwenye pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kumeremeta, na yamkataza asichukue zaidi ya abiria mmoja.

Hata hivyo, katika miaka ya 2021 mpaka 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Waliokufa wengi zaidi walikuwa waendao kwa miguu, na waliowafuata walikuwa watu wa pikipiki. Sheria yaweza kuuleta mkanda mpaka kwenye kiti chako. Haiwezi kuufunga kwa niaba yako.

"AJALI HAINA KINGA"

Watu hupenda kusema, "Ajali haina kinga." Neno hili lina ukweli nusu. Ndama hukatiza njia. Trekta hukosa taa. Chupa ya dawa huteleza mkononi. Ajali yenyewe pengine haina kinga. Lakini jeraha lina kinga. Bwana Fulani alianguka kweli siku ya Alhamisi, na breki zilifungwa kweli siku ya Jumamosi. Tofauti ilikuwa katika kile alichokivaa. Mkulima hawezi kuzuia mvua ya mawe, lakini huezeka nyumba yake.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Moyo ukishtuka, simama. Usiuulize ushahidi. Vaa kwanza, au shuka, au ngoja. Ushahidi utautafuta baadaye. Gharama ya kutii bure ni dakika chache. Gharama ya kutotii yaweza kuwa maisha.

2. Kabla ya kufungua chupa ya dawa, vaa ovaroli, glavu, gambuti, na kitu cha kufunika macho, pua na mdomo. Miguu ya suruali iwe nje ya gambuti, ili dawa isiteremkie ndani. Leso haizuii mvuke wa dawa. Tumia barakoa iliyotajwa kwenye karatasi ya dawa.

3. Soma karatasi ya dawa, na tazama rangi ya mstari wake. Nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu. Kijani ndiyo yenye hatari ndogo, lakini nayo si maji ya kunywa.

4. Nyunyizia asubuhi na mapema au jioni, wakati upepo umetulia. Ovaroli haichomi sana wakati huo, na dawa hairudi usoni. Baadaye oga kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za watoto.

5. Kama wachukia helmeti ya watu wote kwa sababu ya jasho au mapunye, sababu yako ni nzuri, lakini jibu lake si kwenda kichwa wazi. Nunua yako, uichukue kama uchukuavyo mwavuli. Mpaka uipate, funika kichwa kwa kitambaa chembamba chini ya ile ya stendi, na ufunge kamba.

6. Mkanda wa gari upite kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo, na ule wa juu upite kati ya matiti. Asiyefunga hajihatarishi peke yake, kwani gari likisimama ghafula huwa kama jiwe lililotupwa kwa wenzake.

7. Mtoto akikukumbusha, usimnyamazishe. Yeye hajapata mazoea ya kumdanganya.

Juma lile lilipokwisha, Bwana Fulani alifanya jambo dogo. Aling'oa ule msumari kutoka stoo, akaupigilia mlangoni pa nyumba, mahali ambapo chupa za dawa hupita zikienda shambani. Akatundika hapo ovaroli na glavu, na karibu yake helmeti mpya aliyoinunua. Sasa hangoji moyo useme. Mkono wake hupita pale na kuchukua, kama vile mkono uchukuavyo jembe.

Hayo ndiyo tunayowaombea wasomaji wetu wote, wa Malakisi, Bungoma, Kitale na kwingineko. Moyo ni mlinzi mwema, lakini hulala usingizi. Mlinzi akipiga kelele usiku, amka. Lakini hata akinyamaza, mlango ufungwe kila jioni.